Ulinihamisha Darasa Nikiwa Sur

Ami yangu mpendwa,

Shikamoo. Hukuwahi kuacha kuniitikia, hata siku tulizonuniana, na leo nakuamkia nawe uko kaburini, nami nimekasirika. Watu wananikataza nisimseme maiti. Mimi sikusemi kwa watu, nakusema wewe mwenyewe.

Nianze na mema, maana ni mengi. Baba alipofariki Unguja ulinichukua ukanileta huku Oman, Ibra, ukanilea pamoja na binti zako bila ya kunibagua hata kwa kipande cha samaki. Na wewe ndiye uliyegundua kuwa nina mbio. Bi Zuwena, mkeo, alinituma chumvi dukani, nikarudi kabla hajamaliza kumenya vitunguu, ukacheka ukasema, "Miguu hii si ya kutumwa dukani."

Tangu siku hiyo, kila baada ya sala ya alasiri, ulinipeleka wadini, kwenye bonde la mto mkavu, na ile Datsun yako. Mimi mbele nakimbia, wewe nyuma unaendesha, kichwa umekitoa dirishani, honi haipumziki. "Kaza, we! Unakimbia au unakwenda harusini?" Wachungaji walikuwa wakisimama kututazama. Tukirudi nyumbani unanikalisha barazani, unanikanda miguu kwa mafuta ya simsim, na Bi Zuwena analalamika kwamba mashuka yake yote yananuka. Sijui baba gani angenifanyia zaidi ya hayo. Ndiyo maana nina donge na wewe mpaka leo.

Unamkumbuka Ustadh, mwalimu wetu wa riadha, yule Msudani mrefu. Nilipowashinda wote wa skuli za mkoa wa Sharqiyah katika mita mia nane, alikuja nyumbani. Mimi nilikuwa nakumiminieni kahawa, kwa hiyo usiniambie sikusikia. Alikuwa na rafiki yake anayefundisha wakimbiaji katika chuo kimoja Amerika, na chuo kile kiko tayari kunisomesha bure nikikimbilia timu yao. Akasema taratibu, neno baada ya neno: "Lakini chuo hakitazami miguu peke yake. Kijana lazima awe na alama nzuri, na lazima awe amesoma hesabu, Kiingereza na sayansi mpaka mwaka wa mwisho. Akikosa masomo hayo haruhusiwi kuingia uwanjani, hata awe anamshinda paa."

Ukaitikia kwa kichwa. "Inshallah, Ustadh. Alama utaziona."

Alama! Katika maneno yote yale uliondoka na hilo moja tu. Masomo uliyaacha pale pale juu ya mkeka.

Wakati ule nilikuwa nimeshaingia ilmi, upande wa sayansi. Fizikia ilinitoa jasho kuliko wadi, lakini nilikuwa naiweza, na kidogo kidogo nilikuwa napanda. Wenzangu wa adabi walisoma historia, jografia na Kiarabu, na kila mtu alijua kwamba huko nisba inapanda kwa urahisi. Nisba, asilimia ya cheti! Hapakuwa na baraza Ibra ambalo watu hawakuulizana nisba za watoto wao.

Kisha Ustadh akatuchukua Sur kwenye mashindano. Nikashinda. Nilirudi na kombe kwenye mkoba, na Jumamosi asubuhi, wiki ya skuli inaanza, tumesimama mstarini, nikaitwa jina pamoja na watu wa adabi. Nikadhani wamekosea. Nikaenda kwa mudiri, mkuu wa skuli, akanijibu bila ya kuinua uso, "Mlezi wako amekuja mwenyewe. Amekuhamisha."

Ulinikuta mlangoni na furaha yako. "Nimekutua mzigo, mwanangu. Ile fizikia itakula nisba yako. Adabi utapata tisini, na mazoezi utafanya kwa raha zako."

"Lakini Ami, Ustadh alisema sayansi..."

"Ustadh mwalimu wa mpira yule. Mlezi wako mie. Khalas, nshasema na mudiri."

Katika nyumba yetu mtoto hakuwa na neno baada ya khalas yako. Mudiri naye hakukubali kunirudisha bila ya kauli yako. Ustadh alipokuja kukuomba, ulimwacha mlangoni, hukumkaribisha ndani, hukumpa hata finjani moja ya kahawa. Oman hii! Mtu hata ukigombana naye kahawa unampa. Alipoondoka ukasema kwa sauti, ili asikie, "Leo Msudani atanifundisha mie kulea?"

Nimeifikiria sana sababu yako, Ami, na ninaijua. Tulipofika kutoka Unguja walitucheka Kiarabu chetu. Walituita Wazinjibari, kana kwamba babu yetu hakuzikwa palepale Ibra. Ulitaka kijana wa nyumba yako apate nisba kubwa katika darasa la Kiarabu, ili wale wa barazani wafunge midomo. Naielewa hamu hiyo. Lakini miguu ilikuwa yangu, na safari ilikuwa yangu, na wewe uliichukua ukaenda kulipia matusi uliyotukanwa wewe.

Nikapata tisini na moja. Ulitoka mpaka Sinaw kutafuta mbuzi, ukaalika mtaa mzima, na yule jirani aliyekuwa akiigiza matamshi yako ulimkalisha karibu yako ukamrudia nisba yangu mpaka akaomba ruhusa aende zake. Mimi nilikuwa nagawa maji na tabasamu la uongo.

Jawabu la Amerika lilikuja baada ya hapo. Ustadh aliniita kando ya uwanja, hakuweza kunitazama. "Mbio zako wanazitaka sana," akaniambia. "Sayansi huna. Kanuni zao haziwaruhusu." Na mwaka ule ule akarudi kwao Sudan. Mimi nikapelekwa kusomea ualimu, na wewe ukasema, "Kheri yako, utakaa karibu."

Hata siku zako za mwisho hukunisaidia kupoza hasira. Hospitalini Nizwa kila muuguzi aliyeingia ulimshika mkono, ukamwonesha mimi: "Huyu mtoto wangu, alipata tisini na moja, adabi!" Ulinisifu kwa kile kile kilichoninyima. Nilikupangusa uso, nikakunywesha maji, na ndani nilikuwa nawaka. Ulikuwa mgonjwa sana kugombezwa, na mimi nilikuwa nakupenda.

Sasa nasomesha jografia hapa Nizwa, na mudiri amenipa kazi ya kuwagawa wanafunzi, huku ilmi, huku adabi. Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja wa Birkat al Mauz, mwenye mashamba ya ndizi. Mwanawe yuko ilmi, mzee anataka ahamishwe, nisba inamtia wasiwasi. Nilikuona wewe mbele yangu, wallahi. Nikasimama, nikampigia kelele mzee wa watu, mpaka walimu wa chumba cha pili wakachungulia. "Hahami mtu hapa mpaka aje mwenyewe! Mlete, umuulize, nisikie kwa masikio yangu."

Akamleta. Akamuuliza kwa shingo upande, "Haya, unataka nini wewe?"

Kijana akajibu palepale, "Adabi, baba. Fizikia siipendi hata kidogo."

Yule mzee akanitazama kama mtu aliyemwona mwendawazimu. Nikamhamisha, wakatoka wameshikana mikono. Jambo lote lilichukua muda mdogo kuliko wa kufunga kamba za viatu, Ami.

Nakuombea kila sala, na hasira sijamaliza. Pengine ungeniuliza ningesema adabi mimi pia, kwa kukuridhisha.

Ungeniuliza lakini.

Mtoto wa nduguyo, uliyemlea