Fremu Fupi Kutoka Ng'ambo

Njombe, Jumamosi, Juni 1952

Nilijua yule fundi wa Uingereza ataniibia chuma. Mtu hujamwona uso, unampelekea urefu wa mguu wako kwa barua, naye akuundie fremu ya baiskeli! Leo nimeipokea Makambako. Fundi baiskeli wa pale akaifungia magurudumu yangu ya zamani, nikapanda, magoti yakagonga usukani. Mchungaji mimi, nitazifikiaje sharika za njia ya Ludewa namna hii?

"Mzungu amenipunja," nikamwambia fundi.

Akapima fremu, akasoma nakala ya barua yangu, akacheka. "Mzee, inalingana kabisa na urefu wa mguu uliouandika. Labda umerefuka."

Hapo nikakumbuka ni nani alinipima. Mke wangu ndiye aliyeshika uzi. Mimi niliulaza tu kwenye rula na kuhesabu inchi.

Nimemkuta anamenya viazi. Hakukana.

"Baba Yohana, kwetu mtu hupimwa akishakufa, seremala apate kuchonga jeneza. Nilipunguza uzi kwa upana wa vidole vinne. Kipimo chako kamili hakitavuka bahari mimi nikiwa hai."

"Na magoti yangu je?"

"Magoti yataumia. Mwenyewe utarudi mzima."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumweleza kuhusu chuma na vipimo, lakini nimeitazama suruali niliyovaa. Katika ndoa yetu yote amenishonea suruali bila kunipima hata mara moja, nazo hunienea sawasawa. Siku zote nilidhani ni ufundi wa macho tu.