Wafu Wana Wenyewe

Mayu,

Mwadila, Mayu, mama yangu. Najua hutaitikia, lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba mtoto hamwambii mkubwa jambo lolote kabla ya kumsalimu, hata kama nyumba inaungua. Basi nimesalimu. Nyumba ilishaungua.

Ninakuandikia kutoka kwenye kibanda changu cha vitenge, hapa sokoni Bariadi. Jua limeshuka, wateja wameondoka, na redio yako iko juu ya meza mbele yangu. Ndugu yangu Masanja alinipa baada ya matanga. Aliiweka tu mapajani mwangu ikiwa bado na kile kitambaa chako cha kufuma, akaenda kuangalia ng'ombe. Ndani yake nimetia zile betri ulizoniagiza Kenya. Ulisema betri za madukani kwetu siku hizi nazo ni za ruksa, kila mtu analeta zake, zinakufa kabla habari hazijaisha. Hizi zinadumu, Mayu. Ulisema kweli.

Nianze na lile ambalo kijiji chetu kizima cha Sola kinalijua, lisije likakaa katikati yetu kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Siku uliyoanguka shambani ukichuma pamba, mimi nilikuwa kisiwani Kenya, nakula samaki.

Nilikuaga kwamba nakwenda Sirari mpakani kuchukua mzigo, na mzigo niliuchukua. Tulikuwa watatu kama kawaida: mimi, Mama Deo anayeuza viatu vya mitumba, na Holo, yule mtoto wa Mzee Limbu mliyepakana naye mashamba. Miaka hii mpaka umekuwa kama mlango wa jikoni, mtu anaingia na kutoka. Msimu wa pamba ulikuwa unaanza, wanunuzi binafsi wameshaleta mizani yao kila kijiji, na sisi tulijua wakulima wakilipwa tu, wake zao watataka kitenge kipya. Tuliwahi kumaliza manunuzi. Pale upande wa pili tukakutana na Akinyi, mama mmoja anayetuuziaga vitenge kwa jumla, naye akasema anakwenda kwao kisiwani Mfangano kupumzika kidogo. "Kujeni nyinyi wote," alisema. "Mtakufa mkibeba mizigo na hamjawahi kuketi."

Sijawahi kuketi, Mayu. Neno lile lilinishika. Tuliacha mizigo kwa ndugu yake, tukapanda gari hadi Mbita, kisha mtumbwi wa mashine. Mama Deo alifumba macho njia nzima akimwita kila mtakatifu anayemjua, na alipoishiwa akaanza kuwarudia. Nilicheka hadi mbavu zikauma.

Na hapa ndipo ninapoona aibu kuliko pote. Nilifurahi. Ningependa kukuambia kwamba moyo ulikuwa mzito, kwamba nilihisi kitu, maana watu huwa wanasema hivyo, eti damu humwambia mtu. Damu yangu haikuniambia lolote. Nililala mchana, mimi ambaye silali mchana hata nikiwa na homa. Nilikaa mchangani miguu ikiwa majini. Akinyi alipika samaki mkubwa wanayemwita mbuta, ambaye sisi tunamwita sangara, tukabishana jina lake hadi akabaki mifupa. Nilisukwa rasta ndefu za kununua, nikavaa blauzi nyekundu ya Holo. Nilijiona msichana.

Jioni ile Akinyi alitoa redio nje. Tulikuwa tukicheza muziki wa Kongo, sijui wa stesheni gani. Muziki ulipokwisha Holo akatafuta Redio Tanzania, kwa mazoea tu, tusikie nyumbani kuna nini. Ikashika vizuri sana, kama vile mtangazaji amekaa na sisi mchangani. Habari zikaisha. Ukaanza ule muziki wa huzuni unaotangulia matangazo ya vifo.

Mayu, wewe unajua nyumbani kwetu ule muziki ulikuwa nini. Tukiwa wadogo, ukianza tu, mwiko unaacha kugonga sufuria. Masanja alikuwa hathubutu hata kukohoa. Ulisikiliza majina yote, ya Songea, ya Tanga, ya mahali ambapo hukujua hata pako upande gani. Nami mdomo wangu huu, uliosema utaniponza, nikakuuliza siku moja, "Huyu wa Mtwara unamjua?" Hukukasirika. Ulisema, "Simjui. Lakini labda wanaomjua wako mbali na redio. Asikose hata mtu mmoja wa kumsikia akiitwa." Nikaenda kuwachekesha wenzangu kisimani, nikisema mama yangu ana ndugu waliokufa nchi nzima.

Basi ule muziki ulipoanza kisiwani, Holo akasema, "Ngoja kwanza tusikie." Mimi nikanyoosha mkono. Nikasema, "Aa, wafu wana wenyewe. Sisi tumekuja kupumzika." Nikageuza ile swichi hadi nikapata muziki mwingine, tukaendelea kucheza.

Mwenyewe nilikuwa mimi.

Masanja ameniambia jinsi ilivyokuwa upande wenu. Walipokuta nyumba yangu imefungwa na hapa sokoni wakaambiwa tumekwenda Sirari, alipiga baiskeli hadi posta ya Maswa kupeleka tangazo la redioni. Jioni watu wote wa msibani walikaa kimya kuizunguka redio yako, hii hii ninayoitazama. Likasomwa jina lako. Likasomwa jina langu, binti mkubwa wa marehemu, popote alipo. Anasema waliposikia "popote alipo" akina mama walishukuru, wakasema sasa amesikia, sasa yuko njiani. Wakakuweka hadi kesho yake jua lilipoanza kuinama. Kwetu mama huoshwa na binti yake mkubwa, nao hawakutaka kukunyima haki yako. Walichemsha maji, yakapoa, wakachemsha tena. Mwisho Mama Kwangu, jirani yako, akakunja mikono ya gauni lake akaingia.

Ninayafikiria yale maji kuliko ninavyolifikiria kaburi.

Niliporudi Bariadi nilishuka kwenye basi nikicheka. Mama Deo alikuwa akinisimulia kitu, sikumbuki nini. Soko likanyamaza kuanzia mwanzo wa safu, kibanda kwa kibanda, nami nikadhani ni rasta zangu wanazishangaa. Nikageuza shingo zionekane vizuri. Yule mama anayeuza dagaa wa Lamadi akaja moja kwa moja. Hakunisalimu. Akafungua kanga yake kiunoni, akanifunga mimi, akakaza fundo. Hapo ndipo nilipojua. Sikujua nani, lakini nilijua.

Kanga ile ilinuka dagaa. Nilikuja nayo hadi Sola.

Unakumbuka tulivyofundishwa: anayefika msibani huanza kulia akiwa bado njiani, na waliopo nyumbani humwitikia kwa kilio, ili ajue anapokelewa. Nilianza kulia kwenye kisima. Nililia kwa sauti yote, Mayu, nikakuita. Nyumbani kimya. Niliwaona akina mama wamekaa uani, wananitazama ninavyokuja na rasta zangu za Kenya na blauzi nyekundu chini ya kanga ya dagaa. Hakuna aliyeitikia. Nililia peke yangu kutoka kisimani hadi kwenye mlango wa boma, nikaanza kuona haya hata kulia, sauti ikawa ndogo, kama mtu aliyekosea nyumba. Ndipo Mama Kwangu akainuka. Aliitikia yeye mmoja. Kilio cha mtu mmoja, mzee, kimepasuka katikati. Sijui nitamlipa nini mama yule.

Jioni alininyoa kwa wembe. Alizikata zile rasta moja moja bila haraka, na kila moja aliiweka pembeni kwenye ungo, kana kwamba ni kitu cha maana. Akasema, "Walikusuka vizuri." Basi. Afadhali angenipiga.

Siku ya kumaliza matanga wakaniita mbele. Holo alikuwa ameshasema yote, na simlaumu, nami nisingeyaficha. Mama Kwangu aliuliza kama huko kisiwani redio ilikuwepo. Nikajibu ilikuwepo. Akauliza nani aliigeuza. Nikajibu. Kaka zake baba walitaka faini ya mchenya, ng'ombe dume, kama inavyotozwa kwa anayekimbia msiba. Mama mmoja akasema heshima ya mama hainunuliwi kwa dume, nitoe kuni kwa misiba yote ya mwaka. Watu wakabishana. Mama Kwangu akawaacha wachoke, kisha akasema, "Huyu ng'wana wane, mwanangu huyu, hakusikia alipoitwa. Basi yeye ndiye atakayewasikizisha wengine."

Ndiyo kazi yangu sasa. Sola akifa mtu, habari inaletwa kwangu, mimi niliye mjini. Napeleka tangazo posta, kisha nafunga kibanda, nachukua baiskeli, nawatafuta watoto wa Sola wote walioko Bariadi mpaka nimeona uso wa kila mmoja. Siruhusiwi kuacha ujumbe kwa jirani. Wanaume wananitania, wanasema tangu lini habari ya kifo ikapelekwa na mwanamke mwenye kipara. Watu wakiniona naegesha baiskeli wanaanza kuuliza ni nani kabla sijafungua mdomo. Mwalimu mmoja alijifungia ndani, akasema kupitia dirishani niende zangu, hayupo. Nilikaa kizingitini hadi akafungua. Nilimwelewa sana.

Wengine wananifariji. Masanja mwenyewe ananiambia, hata ungesikia, kutoka kisiwani usingewahi, maziko yangekupita. Pengine ni kweli. Lakini ningekuwa njiani, Mayu. Wangekuwa wanachemsha maji na mimi niko njiani nalia, siyo mchangani nacheza. Mtu aliye njiani huhesabiwa kuwa amefika nusu.

Nina jambo moja nataka ulisikie kutoka kwangu. Wiki iliyopita Mzee Limbu alifariki, jirani yako. Habari ilinifikia asubuhi. Holo alikuwa hapa hapa sokoni, vibanda vichache kutoka kwangu, anabishana na mteja juu ya bei ya shati, na mteja anacheka. Tangu tulipotoka kisiwani tulikuwa hatuzungumzi vizuri, mimi na yeye. Kila tukitazamana tunaiona ile redio. Nilisimama nyuma ya mteja nikamngoja amalize kucheka. Niliona ni haki yake kumaliza. Kisha nikafungua kanga yangu, nikamfunga kiunoni, nikakaza fundo.

Nilimbeba nyuma ya baiskeli hadi stendi, tukapanda gari pamoja. Alipofika kwenye kisima chetu alianza kulia. Mimi nilibaki nyuma. Nilikuwa nasikiliza tu.

Walimwitikia, Mayu. Nyumba nzima iliitikia, wanawake kwa wanaume, hadi ng'ombe wakashtuka zizini. Nilikaa chini pale kisimani nikalia, na nadhani kile kilio, ingawa hakikuwa changu, ndicho nilichokuwa nakidai. Aliwahi. Alimwona baba yake uso.

Mambo mengine ni haya. Pamba yako Masanja aliiuza kwa tajiri mmoja mwenye lori lake mwenyewe, si kwa chama cha ushirika. Kaburi limeota majani, nitakuja kuyapalilia kabla ya mvua. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa jike. Nywele zangu zimeanza kurudi, na zimerudi na mvi mbili tatu. Watu wanasema sasa nimefanana nawe.

Mimi sitakuomba unisamehe kwa barua. Nitakuja kuomba kwa mdomo, kaburini, kwa Kisukuma, tuelewane. Ninachokuahidi ni kidogo, na hakitayarudisha yale maji. Kila jioni popote nitakapokuwa, msibani au harusini, kwangu au ugenini, nitakaa na redio yako, na sitaigusa mpaka jina la mwisho lisomwe.

Lala salama, Mayu. Lala, nitasikiliza mimi.

Muziki umeanza, ngoja niweke kalamu. Mama wa dagaa nimemfanyia ishara, naye ameacha kupanga mafungu yake. Wa kwanza leo ni mzee mmoja wa Newala. Simjui.

Binti yako mkubwa,
Minza