Jiwe la Chini ya Ulimi wa André

Salamabila, 4 Machi 2024

Kwa Darlène, mutoto wa dada yangu,

Jambo sana. Uko muzima? Kazi ya hospitali huko Bukavu inaendelea? Miye niko muzima, isipokuwa taya. Nikianza kula tu, chini yake kunavimba kama yai. Saa moja ikipita, kunashuka. Unanijua: nilichimba siku tatu bila kula, simba akanikuta shimoni, akarudi kwao. Uvimbe haunitishi. Linalonisumbua ni Grégoire, mwenye shimo letu la dhahabu. Anasema nimeficha dhahabu mudomoni kama wezi. "André, leo taya, kesho tumbo." Wote wanacheka. Nisipoonesha kilichomo mbele ya Pasaka, nafukuzwa. Munganga wa hospitali ya hapa anataka kupasua shingo, na anasema mudomo unaweza kupinda. Mudomo huu? Nani atahadithia watu?

Mjomba wako, André

Bukavu, 9 Machi 2024

Mjomba, jambo. Mama anakusalimia, anauliza kama unalala vizuri.

Usikubali kisu bado. Inafanana na jiwe ndani ya njia ya mate: chakula kikiita mate, jiwe linaziba, unavimba. Siku hizi daktari anapitisha bomba jembamba kuliko kijiti cha kiberiti, lenye kamera, katika katundu kadogo chini ya ulimi. Analiona jiwe kwenye televisheni, analinasa na kulitoa kwa kikapu kidogo cha waya. Shingo haiguswi. Mabingwa wa kazi hiyo watafika hapa tarehe 18. Panda pikipiki uje.

Mtoto wako, Darlène

Bukavu, 24 Machi 2024

Mjomba, umeamkaje? Umeondoka bila kuaga, na jiwe walilokutoa umelibeba. Nusu ya punje ya mchele, utalifanyia nini? Kunywa maji mengi, kanda taya kila siku. Niandikie.

Darlène

Salamabila, 2 Aprili 2024

Darlène, salamu nyingi, na kwa mama yako. Taya imetulia, nakula ugali bila woga.

Ijumaa kabla ya Pasaka Grégoire aliita shimo zima. Nikalionesha jiwe. Akasema: "Dhahabu hiyo, umeipaka chokaa." Nikamwambia: "Basi litie kwenye asidi. Dhahabu haiogopi asidi." Mwamvita, mununuzi wetu wa dhahabu, akalitia katika kikombe chake cha asidi. Likatoka povu, likaisha lote. Chini, hakuna kitu. Grégoire akaangalia kikombe, akaangalia taya yangu. "Shuka shimoni," akasema, "umechelewa."

Jumapili naenda Wamaza kwa ndugu zetu. Kule hakuna aliyeliona jiwe. Nitawaambia lilikuwa kama yai la bata, na waganga wanne walilivuta kwa kamba. Wakikuuliza kipimo, sema ulikuwa kazini, hukuliona.

Mjomba wako, André