Sato wa Shangazi na Adabu ya Kijapani

Dada Koku,

Huku Mwanza ziwa limetulia, ila kwa Shangazi kumechafuka. Jana nilimleta mwalimu wangu wa Kijapani ale sato. Chuoni, mwaka huu wa tatu, tumefundishwa kwamba adabu yao ni kujishusha mbele ya mgeni, wewe na chakula cha kwenu. Nikamwambia kwa Kijapani kwamba samaki wetu ni duni. Akamgeukia Shangazi: “Anasema samaki wako ni duni, mama. Mimi nimempenda.” Kiswahili safi kabisa. Miaka mitatu alijifanya hajui, na tulivyokuwa tukimsema darasani!

Shangazi haniamini tena. Leo nimemwamkia, akanikazia macho: “Na hiyo shikamoo ina maana gani?”

Mpakate mtoto kwa niaba yangu. Mama asijue.

Mdogo wako, Asimwe