Mkono Ulioshika Simu

Mke mwenzangu Tatu,

Salamu nakupa, kwa sababu salamu ni haki ya kila mtu, hata aliyekuudhi. Shikamoo yako sijaisikia tangu Idd ndogo, lakini marahaba nimeitanguliza, imekaa hapa mlangoni inakungoja. Zaidi ya hapo usitafute sukari katika barua hii. Sukari imekwisha.

Anayeandika ni jirani yetu Mwanahamisi. Mimi shule niliipita kwa nje tu, jembe begani, nikienda kulima mihogo. Kalamu ni yake, maneno ni yangu, na nimemwambia asiyapake mafuta. Akimaliza amsomee yeyote anayetaka kusikia, aitume hata humo humo kwenye simu zenu. Aibu yangu uliianika mbele ya watu nisiowajua. Hasira yangu nayo sitaifungia chumbani.

Unaikumbuka pembea ya Idd, kule Bagamoyo mjini? Ile ya mbao, yenye masanduku, wanaume wanaisukuma kwa mikono huku majasho yanawatoka. Ulikuwa hujaanza shule. Mama yako, Zena wangu, alikuwa hana muda mrefu kaburini, nawe ulikuwa huchezi, huulizi, umekauka kama samaki ng'onda. Nikasema nikupandishe pembea, labda upepo utakufungua kifua. Tukapanda wote wawili, umevaa gauni la waridi, mimi nimeshika chupa ya sharubati. Tulipofika juu kabisa ikasimama, wanaume wanapandisha watu wengine chini. Ukaninong'oneza sikioni: "Bibi, nimekojoa."

Nilifanya nini, Tatu? Nilijimwagia ile sharubati. Nikakumwagia na wewe. Tuliposhuka nikapiga kelele mimi: "Jamani nichekeni, bibi kizee nimemwaga sharubati, nimemharibia mtoto nguo ya Idd!" Watu wakanicheka hasa. Mwanamume mmoja akasema, "Bibi, pembea si ya rika lako, kaa nyumbani ubangue korosho." Nikamwambia korosho nitambangua yeye. Kisha nikavua ushungi wangu nikakufunga kiunoni, nikapita mjini kichwa wazi, mimi, siku ya Idd, watu wametoka msikitini. Nilitaka wanitazame mimi, ili wewe usitazamwe.

Hicho ndicho nilichokufanyia juu ya pembea. Sasa nikukumbushe ulichonifanyia wewe.

Ulikuja siku ya pili ya Idd ndogo iliyopita na wenzako wawili kutoka Dar, mkanichukua kwenda kwenye ile bustani ya michezo kule njiani, karibu na pwani. Nilifurahi, sikufichi. Nilioga mapema, nikajitia karafuu, nikavaa doti mpya. Nikajua mjukuu wangu amenikumbuka. Kumbe mlikuwa mmekwenda kazini.

Maana nyie hamkucheza, mwanangu. Mlipanda, mkashuka, mkainamia simu, mkasema haijatoka vizuri, mkarudi kwenye foleni. Mkampita mama mmoja na mtoto wake mgongoni kana kwamba ni kisiki. Mwenzako yule wa kucha ndefu akamwambia mtoto mdogo, "Toka kwenye picha, wewe!" Katoto ka watu kakatoka. Kalikuwa na Idd yake nako. Pembeni kulikuwa na msichana anatapika, kichwa kinamzunguka, na watu wamemzingira na simu kama bi harusi anayetolewa nje. Nikauliza, "Hakuna wa kumpa maji?" Mkacheka. Maji nilimpelekea mimi.

Mimi nilitaka kukaa kivulini na juisi yangu ya ukwaju. Wewe ndiye uliyenivuta. "Bibi, panda lile! Utawapa nini cha kusimulia Kaole?" Lile lenyewe lilikuwa dude la chuma lenye mikono kama pweza, na kila mkono una kiti. Nikakwambia pweza mimi namjua kwenye chungu tu. Ukasema, "Mke mwenza mwoga huyu! Ndiyo maana babu alinipenda mimi." Nikakujibu, "Babu yako alikuonea huruma, alijua hakuna atakayekuoa kwa wali wako ule wa bokoboko." Tukacheka mpaka nikashika mbavu. Huo ndio utani wetu, wa bibi na mjukuu. Nikapanda kwa sababu ya utani ule.

Yule mama wa kufunga mikanda alikuwa mtu mwenye adabu. Alisema mbele ya masikio yangu: "Dada, simu weka kwenye mkoba. Chombo kikitembea hairuhusiwi. Na bibi mshike mkono, ni mara yake ya kwanza." Ukamwambia, "Poa, anti, usijali." Alipogeuka ukaichomoa kwenye mkono wa baibui. Nilikuona. Nikasema moyoni, ni ujana.

Pweza akainuka. Tatu, mimi nimezaa, nimezika, nimefukuza kima shambani kwa rungu, lakini siku ile roho ilinihama. Ushungi ukaruka. Mbingu ikawa chini, bahari ikawa juu. Nikanyoosha mkono wangu kuutafuta mkono wako. Mkono wako mmoja ulikuwa umeshika chuma. Wa pili ulikuwa umeshika simu.

Basi nikamwita aliyekuwa ananishika zamani. Sikuchagua, jina lilitoka lenyewe: "Zena! Zena, nishike! Zena mwanangu, nishike!"

Tuliposhuka nikatafuta pa kukaa. Ukanikumbatia, unacheka, unaniambia, "Bibi, umetisha!" Nikadhani umesikia. Nikadhani unacheka ili usilie.

Zilipita wiki, nikawa nateka maji bombani. Nyuma yangu nikasikia sauti ya mtoto: "Zena, nishike!" Ndoo ikanitoka. Nikageuka haraka, Tatu, mzee mimi, nikageuka kwa sababu moyo haujui hesabu ya miaka. Moyo ulidhani mtu anamwita mwanangu naye yupo. Kumbe ni watoto wa pale wanaigiza. Wanarusha mikono, wanatoa macho, "Zena, nishike!", halafu wanaanguka mchangani kwa kicheko. Sikuwagombeza. Wao wameiokota njiani. Aliyeitupa njiani simwoni hapa.

Mwanahamisi ndiye aliyenionyesha video yako kwenye simu yake, naye alikuwa hataki. Nikajiona kichwa wazi, mvi zimesimama, kinywa kama pango, meno yangu machache yanahesabika. Hayo ningeyameza. Uzee si wizi. Lakini watu wakaikata ile sauti wakaibandika kila mahali. Mbuzi anaanguka kutoka kwenye paa, sauti yangu. Mwanamume anateleza na ndoo ya chokaa, sauti yangu. Mchezaji anakosa goli lililo wazi, namwita mwanangu aliyekufa, na watu wanacheka.

Nikakupigia. Unakumbuka ulivyojibu? "Bibi, si utani tu? Watu wanakupenda, umekuwa maarufu!"

Nikakuuliza, "Zena ni nani, Tatu?"

Nikasikia feni yako inazunguka. Kisha ukasema kwa sauti ndogo, "Sikusikia ulichosema, Bibi. Nilikuwa naangalia kioo cha simu." Ukasema hata ukifuta, wengine wanayo. Nikakwambia maneno makali, sitayarudia hapa wala siyarudishi tumboni. Ukakata simu. Idd kubwa ikaja, hukuonekana. Maulidi yakasomwa, hukuonekana. Mjomba wako Shabani ananiambia bado mnazunguka kwenye mabustani hayo na simu zenu, ila wewe huchangamki kama mwanzo. Vyema. Usichangamke.

Naomba nikufundishe utani, maana naona nilikulea bila kukumalizia somo. Utani una wenyewe. Wewe ukiniita mwoga, nami nakuita hujui kupika, tumelipana, tunakula sahani moja. Mtani wako akifiwa, unakwenda kumcheka matangani, lakini unakwenda pia kumpikia na kumtekea maji. Anayekucheka ana wajibu nawe. Hao wenye simu wana wajibu gani nami? Nikiumwa, mwenye mbuzi ataniletea uji? Ulichukua kicheko cha nyumbani ukawagawia watu ambao hawatajua hata siku ya kunizika.

Sasa nikwambie kinachonikosesha usingizi, ndicho kilichonifanya nimwite Mwanahamisi na kalamu yake.

Juzi nilimwosha marehemu, mwanamke mwenzetu wa hapa hapa Kaole. Unajua hiyo ni kazi yangu tangu hujazaliwa. Tunafunga pazia, tunamfunika shuka, tunamwosha chini ya shuka, mkono unapita bila jicho kupita. Na kila tunachokiona, kovu, kidonda, tumbo lilivyokuwa, kinabaki pale pale na maji yale. Mwosha hasimulii. Mama yako nilimwosha mimi, na hata wewe binti yake sijakwambia nilichokiona, wala sitakwambia.

Basi tukiwa kazini, simu ya binti mmoja aliyekuwa anamwaga maji ikalia. Nikamwambia itoe nje, mpe mtu, kisha urudi. Akaitoa, akarudi, akashika kata kwa mikono miwili. Hapo nikakukumbuka wewe.

Kwa sababu wewe ndiye niliyekuchagua, Tatu. Shabani anajua, nilimwambia zamani: siku yangu ikifika, Tatu awe ndani ya pazia, yeye ndiye amwage maji. Sikuwaza mwingine. Nilisema yule nilimsitiri juu ya pembea, naye atanisitiri juu ya kitanda cha kuoshea. Leo Shabani ananiuliza, "Mama, bado neno lako ni lile?" Nami najiumauma. Mimi, nisiyejua kuumauma maneno! Nimwambie ndiyo, naogopa. Nimwambie hapana, nitakuwa nimekuzika wewe kabla yangu.

Sitaki uniombe radhi mbele ya simu, unalia, umepaka wanja. Usithubutu. Wala sikutumi ukazoe maji yaliyomwagika, najua hayazoleki. Ila ukienda tena kwenye yale madude na ukamwona mtu ananyoosha mkono, mshike, hata kama humjui. Na yule mtoto aliyefukuzwa kwenye picha, ukimwona mwingine kama yeye, mpishe.

Halafu uje. Barabara ya Kaole unaijua, mbwa bado wanakufahamu. Nitakugombeza mpaka majirani watoke, kisha nitakukaangia kibua, ule mpaka ushibe, maana najua huko mnakula chipsi tu. Jioni utanitekea maji ya kuoga, utanimwagia mgongoni kama zamani, nami nitautazama mkono wako unavyokwenda. Hapo ndipo nitajua cha kumjibu Shabani.

Ila ukija, mke mwenzangu, uje na mikono yote miwili.

Ni mimi bibi yako,
mama yake Zena.