Punguza Upepo Kabla ya Kuteremka Asego

Kwako Baba Achieng,

Nakusalimu kutoka huku Uswisi, nikiwa mzima na meno yangu yote kinywani. Wewe hujambo? Achieng wetu na mama mkwe wanaendeleaje? Nijibu haraka, maana kwa hayo unayotaka kufanya, sijui meno yako yamebakiza siku ngapi.

Nimeandika kwa sababu simu unanikatia. Barua huwezi kuikata, na najua utaisomea hapo kibandani kwako Rodi Kopany, wateja wa baiskeli wakikuchungulia begani. Vizuri, nao wasome.

Fundi mzima, umri huo, tumbo hilo, unataka kushindana na vijana kuteremka mlima Asego kwa ile baiskeli niliyokutumia uiuze! Hilo ningelimeza. Lakini nilipokuambia upunguze upepo wa matairi, ukanijibu: "Wewe nyar Kuria, binti wa Wakuria, mimi nimejaza upepo kabla hujajua baiskeli ni nini. Tairi ngumu ndio tairi. Wachana na mimi!"

Tairi gumu ni la kubeba gunia la mahindi kwenda Oyugis, Okoth. Asego ni mawe.

Usidhani nawasifu wa huku. Hapa hotelini ninapotunza baiskeli za kukodisha, kuna mgeni anayekuja kila asubuhi na geji yake ya kupimia upepo mfukoni. "Toa nusu pauni ya upepo." Natoa. Anapandishwa mlimani kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya, anateremka, anarudi: "Rudisha nusu pauni." Narudisha. Nimemtazama akiteremka, ameng'ang'ania breki toka juu mpaka chini, kama mbuzi anayevutwa kwenda mnadani. Nusu pauni itamsaidia nini huyo? Wewe na yeye mngeelewana sana, kila mmoja anajiona bingwa wa upepo.

Sasa nikuambie nililokuficha. Wiki yangu ya kwanza hapa nilijaza matairi yote kama ulivyonifundisha, mpaka kidole gumba kisizame. Mgeni mmoja, mwalimu wa kike, akachukua baiskeli niliyoijaza mimi. Tairi gumu halishiki ardhi, likikuta jiwe linaruka. Nilikuwa chini pale nikimwona. Kwenye mizizi ya kwanza baiskeli ilimrusha, akatua kwa bega, mfupa wa mtulinga ukavunjika na kofia yake ngumu ikapasuka vipande viwili. Nilimshika kichwa mpaka wakaja kumbeba, naye akiniuliza kila mara tuko wapi. Niliogopa sana, Okoth. Bosi wangu alibonyeza lile tairi akaniuliza, "Nani alikufundisha hivi?" Nikasema hakuna, nilijifundisha mwenyewe. Nilikuonea aibu, na pia sikutaka mtu wa huku akutukane. Kukutukana ni kazi yangu.

Basi sikiliza. Ndani ya bahasha hii nimekutilia geji. Kwa uzito wako na tyubu zile, nyuma weka pauni thelathini, mbele ishirini na saba. Mvua ikinyesha, toa mbili kila upande. Usishuke zaidi ya hapo, rimu itagonga mawe na tyubu itapasuka. Kidole chako kiweke mfukoni, kimetudanganya vya kutosha.

Nisalimie mama mkwe, ambaye toka zamani alisema una kichwa cha fahali, nami kwa ujinga wangu nikakutetea. Nisalimie shemeji yangu Odhiambo, anayekupigia makofi uende na ambaye mwenyewe hajawahi kuteremka hata tuta la barabarani bila kushuka asukume. Achieng mbusu, umwambie mama yake anamkumbuka kila siku.

Na kama utakataa, najua yatakayofuata. Kwenu marehemu hana kosa. Watasimamisha hema la matanga, watanipa maikrofoni, na mimi mjane wako nitalazimika kusimama mbele ya umati wote na kusema ulikuwa mtu msikivu.

Usinifanye mwongo, Okoth. Toa upepo.

Mkeo,
Boke