Wouter na Kalenda ya Chooni

Sietske, uko wapi?? Weka chini hiyo kahawa kwanza.

Unamjua shemeji Wouter na ile safari yake ya treni. Miezi mitano anapanga! Utrecht, Munich, Vienna, Ljubljana, mpaka Venice. Leo katuita kwake mimi na mama, katandaza ramani na ratiba mezani, tiketi zimeshalipiwa, yake na ya dada.

Mama anaisoma ratiba. Halafu anauliza, "Wouter mwanangu, tarehe tisa Mei mtakuwa wapi?"

"Vienna, mama!" Kwa furaha kabisa!

Sietske. Tarehe tisa Mei mama anatimiza miaka themanini. THEMANINI.

Na imeandikwa kwenye kalenda ya siku za kuzaliwa, ile isiyobadilishwa mwaka hadi mwaka, pale chooni kwao, mbele ya pua yake kila asubuhi, miaka thelathini! Dada kamuuliza, "Kwani humo ndani huwa unasoma nini?"

Uso umemwiva. Anasema ataifuta safari yote. Nikamhurumia kweli.

Mama akasema, "Usifute kitu. Kila mwaka siku hiyo nakaa na wageni kwenye duara la viti, nakula keki, nasikiliza habari za magoti ya majirani. Niongezee tiketi."

"Lakini mama, kile chumba cha kulala cha treni..."

"Kina vitanda vitatu, nimeona kwenye karatasi yako. Cha chini changu. Na nakoroma, ujue."

"Vienna, mama!" Lile jibu lake, haki ya Mungu, sitalisahau.

Sasa hivi Wouter kajifungia chooni, dakika ya ishirini. Nadhani leo anaisoma ile kalenda.